Kikao cha Dharura Kuhusu Harusi na Danubi Uliogoma Kukauka

CHAMA CHA SHEREHE YA MTO MKAVU, OBERHALDEN

Tarehe: Alhamisi, 14 Agosti 2014, saa 12:00 jioni
Mahali: Kibanda cha chama, ukingo wa kushoto
Waliohudhuria: Bw. Volkmar Straub (Mwenyekiti), Bi. Hiltrud Straub (dada yake, bibi harusi), Bw. Kasimir Butsch (mpima maji), Bi. Irmtraud Hengstler (Katibu)
Hakuhudhuria: Bw. Eugen Stehle (bwana harusi), aliyekuwa ng'ambo ya mto, anakoishi, akipanga viti

KUMB. NA. 1/2014: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba kila kiangazi maji ya mto Danubi huzama ardhini hapa kijijini, yakaibukia kusini na kuingia mto Rhine, nasi tukasherehekea juu ya kokoto. Harusi ya keshokutwa ilipangwa hapo hapo. Maji bado yalikuwa ya magoti.

KUMB. NA. 2/2014: TAARIFA YA MPIMA MAJI
Bw. Butsch, aliyeapa kwamba mto ungekauka tarehe 10, alilaumu mvua. Mwenyekiti alimjibu, "Mwaka juzi ulilaumu bata." Bw. Butsch alisema hakuja kutukanwa. Katibu alimkatia keki, akatulia.

KUMB. NA. 3/2014: PENDEKEZO LA KUAHIRISHA
Mwenyekiti alipendekeza harusi iahirishwe hadi mto ukauke. Bi. Straub, mwenye miaka 68, alikumbusha kwamba Bw. Stehle amekuwa akimposa kwa miaka kumi na tisa, naye hadi mwaka huu alimjibu, "Nitakuja siku nitakayovuka bila kulowa." Bw. Butsch aliuliza mbona hakuvuka, ilhali mto ulikauka kila mwaka.

"Nilikuwa naogopa, Kasimir," alisema Bi. Straub. "Kila ukikauka natafuta kisingizio, mara kiuno, mara paka anaumwa. Leo siogopi, halafu kaka yangu mwenyewe ananiambia niahirishe? Thubutu!"

Mwenyekiti aliondoa pendekezo lake.

KUMB. NA. 4/2014: UAMUZI
Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba harusi ifanyike majini, na wageni waje na mabuti ya mpira.

KUMB. NA. 5/2014: MENGINEYO
Bi. Straub hakungoja kufungwa kwa kikao. Alivua viatu, akakunja sketi, akaingia mtoni akipiga kelele, "Eugen wee! Achana na hivyo viti! Nakuja, na nimelowa!"

Bw. Stehle aliingia majini na soksi zake. Walikutana katikati. Mwenyekiti alilia waziwazi, na Katibu pia, ingawa jambo hilo halikuwa kwenye ajenda.

Kikao kilifungwa saa 12:50, kwa kuwa wajumbe wote walikuwa mtoni.

Mwenyekiti: V. Straub
Katibu: I. Hengstler