Samaki Waliofia Kizuizini

Kasulo, 4 Juni 1998

Mwanangu Bonifasia,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo huko Biharamulo, na kazi ya mabwawa ya mzee Anastazi inaendaje? Mimi ni mzima, isipokuwa huu mguu niliouvunja. Umeunga vibaya, na daktari amesema nisahau kuteremka bondeni kwenye bustani. Nisahau! Kana kwamba mboga zinaota sebuleni.

Basi zitaota uani. Yule bwana wa shirika aliyekuwa akifundisha kwenye kambi ya wakimbizi alinionyesha namna. Unajenga tangi la saruji la samaki, na juu yake kitanda cha kokoto kilichopandwa mchicha na chainizi. Unachota maji ya samaki unamwagia kwenye kokoto, mboga zinakula uchafu wao, na maji yanarudi tangini yakiwa safi. Tangi limekwisha, samaki ndio hakuna. Mchuuzi mmoja aliniletea wamejazana kwenye ndoo iliyobanwa mfuniko kama maharage. Alipofunua, wote walikuwa tumbo juu, na bado akanitazama akingoja shukrani! Nimemfukuza.

Wewe unaijua kazi hii. Nitumie vifaranga walio hai.

Ndimi shangazi yako,
Agripina

*

Biharamulo, 15 Juni 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inaendelea. Pole sana na mguu.

Vifaranga watafika Jumamosi, sato sitini. Ijumaa hatutawalisha, ili wasichafue maji njiani. Tutawatia kwenye mifuko miwili ya nailoni, maji theluthi moja, sehemu iliyobaki hewa tupu. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma amekubali tujaze oksijeni ya mtungi wake. Mifuko itafungwa kwa mpira wa baiskeli na kulazwa kwenye boksi lenye gunia bichi, jua lisiwapate.

Wakifika, tafadhali usiwamwage. Iache mifuko ielee tangini ikiwa imefungwa, kama nusu saa, mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane ubaridi. Kisha fungua, ongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja, halafu waache watoke wenyewe.

Atawaleta Nyandwi, ninayefanya naye kazi. Mkaribishe vizuri, shangazi. Ni mtu ninayetaka umwone.

Mwanao,
Bonifasia

*

Kasulo, 23 Juni 1998

Bonifasia,

Habari za huko? Za hapa usiniulize, presha imenipanda.

Basi la Jumamosi lilipita, mtu hakushuka. Jumapili natoka kanisani na gongo langu, namkuta mwanamume mlangoni, matope hadi magotini, ameshika ndoo. Si mifuko, si boksi, ndoo! Ndani mna samaki wanne wanaohema juujuu.

Nikamuuliza, "Wengine hamsini na sita wako wapi?"

"Wamekufa njiani, mama. Nisamehe."

"Wamekufaje?"

Akainamisha kichwa. "Nisamehe tu, mama."

Ndiyo majibu hayo? Nikaisikia lafudhi yake ya Kirundi, nikamwambia maneno. Nilimwambia tumewapa ardhi, tumewaachia kuni zetu zote, sasa wanatuulia hadi samaki. Nikamwambia aondoke, hata maji ya kunywa sikumpa. Wale wanne nao wamekufa jana.

Ulikuwa na akili gani ukimkabidhi mtu wa namna hiyo kazi yako?

Shangazi yako,
Agripina

*

Biharamulo, 1 Julai 1998

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini presha imeshuka, kwa sababu yangu sasa ndiyo imepanda. Nimeisoma barua yako mara tatu. Nikivuka mipaka ya adabu, utanisamehe baadaye.

Nyandwi alishushwa basi na askari kwenye kizuizi cha barabarani. Walipouliza majina akataja lake, wakamwambia ashuke, mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini. Hajawahi kulala kambini, shangazi! Aliingia kijiji cha Ntobeye mwaka 1972 akiwa mgongoni kwa mama yake, akabatizwa hapo, akasoma hapo. Akawaonyesha barua ya mwenyekiti wa kijiji. Wakaichukua, wakaitia kwenye droo, mpaka leo hawajamrudishia.

Kisha wakauliza boksi lina nini. "Samaki hai," akasema. "Naomba msifungue, hewa ikitoka watakufa." Mmoja akacheka, "Tangu lini samaki akapanda basi?" Akaipasua mifuko yote miwili kwa kisu akitafuta risasi. Risasi, kwenye mfuko unaoonyesha hadi ndani! Samaki wakawa wanarukaruka kwenye vumbi.

Mama mmoja muuza ndizi alimpa ndoo na maji, akaokota aliowawahi. Walimkalisha juani mpaka jioni, na muda wote huo alikuwa akichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, ili yashike hewa. Walipomwachia hakukuwa na gari. Akaja kwa miguu, akapata lori la mkaa, akashuka, akatembea tena, akibadilisha maji kila alipokuta kijito. Angeweza kuwatupa na kurudi kwake.

Hakukueleza kwa sababu aliona aibu kuanza na malalamiko mbele ya mkwe. Ndiyo, shangazi. Huyo ndiye anayetaka kunioa. Wewe ndiye uliyenilea, nikataka umwone kabla ya baba. Ukamfukuza kama mbwa.

Bonifasia

*

Biharamulo, 20 Julai 1998

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu, lakini si hilo ninaloandikia.

Juzi msako wa wakimbizi ulipita hapa. Walimkuta Nyandwi bwawani akivuta wavu, wakamdai karatasi. Karatasi iko kwenye droo ya kizuizini! Alipowaambia hivyo wakamwita mwongo, wakampandisha lori na nguo zake zikichuruzika maji. Wamempeleka kambi iliyo karibu na kwenu. Watu wanasema walio humo watarudishwa Burundi. Yeye Burundi amwendee nani?

Mzee Anastazi anaogopa kusema lolote. Mimi sina ruhusa ya kuingia kambini. Nimebaki na wewe tu.

Mwanao,
Bonifasia

*

Kasulo, 11 Agosti 1998

Mwanangu Bonifasia,

Salamu, mwanangu. Nina afya, ila mguu umevimba, nitakwambia kwa nini.

Barua yako ya mwanzo wa Julai niliijibu mara nne na mara nne nikachana. Aibu ilinishika mkono. Ya pili ilipofika, niliikunja nikachukua gongo.

Nilipanda basi, kisha nikabebwa kwa baiskeli ya kukodi hadi Ntobeye. Mwenyekiti Matiasi anamjua Nyandwi tangu hajaota meno. Akaandika barua mpya, akaipiga muhuri, na katekista akanipa cheti cha ubatizo. Nikaenda kambini. Mkubwa wa pale hakuinua hata macho.

"Mama, wewe ni nani wake?"

"Mkwe wake," nikasema. Nilijisikia nikilisema neno hilo, na sikulirudisha.

"Njoo kesho."

Nilikuja kesho. Nikaja kesho nyingine. Siku ya nne nikachoka na kesho zao, nikaketi kizingitini nikaunyosha mguu wangu mbovu mlangoni, kila anayeingia auruke. Nikawauliza, mtoto wa miezi minne alivuka mpaka na bunduki gani? Kosa lake litajeni! Hawakuwa nalo, Bonifasia. Wamemfungia mtu na kosa lake hawalijui! Siku ya kumi na moja yule mkubwa alijikwaa kwenye gongo langu mbele ya wageni wake, akafoka, "Mpeni huyu mama mtu wake aende."

Yuko hapa kwangu. Amekonda na anakohoa, lakini anakula. Nilimwomba radhi kwa kupiga magoti, na kwa mguu huu ilibidi yeye aniinue. Tulikuwa tukilia wote wawili. Wewe nakuomba radhi kwa karatasi hii.

Wamemwonya asionekane Biharamulo mpaka suala lake liamuliwe. Nani ataamua, lini, hawakusema. Yeye anaona afadhali akuachie uhuru wako, kwa sababu huenda likaamuliwa vibaya. Nimemwambia hilo si lake kukuchagulia. Baba yako nimeshamwandikia. Akiwa na neno, aje aniambie mimi.

Kama bado unamtaka, njoo na sanduku lako la nguo, na vifaranga ukiweza kuwabeba. Kizuizini watakuuliza unakwenda kwa nani. Litaje jina lake lote, mwanangu, na usipunguze sauti.

Ndimi shangazi yako,
Agripina