Mwamba Ulionyamaza

Kijijini, Iramba
Jumapili, 10 Desemba 1972

Kwa dada yangu mpendwa Yunisi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kiomboi, na masomo ya uuguzi yanakwenda vizuri. Sisi hapa ni wazima kwa leo. Mama anakohoa kidogo, na ndugu yetu Simeoni anakula kama kawaida yake, yaani chakula cha watu wawili. Nimeandika "kwa leo" kwa makusudi. Kuna jambo nimelifanya ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu kwenye karatasi simwoni mtu usoni.

Tangu shule ifungwe nimekuwa karani wa shimo. Kijiji kilipoamua kulifufua lile shimo la dhahabu waliloliacha Wazungu, Baba aliwekwa kiongozi wa wachimbaji, maana alifanya kazi humo zamani. Kila asubuhi, kabla watu hawajaanza kuchimba, anagusisha ncha ya mtaimbo kwenye ukuta wa mwamba na ncha nyingine sikioni, anahesabu milio. Mwamba uliobanwa hulia, tik, tik, kama kuni mbichi motoni. Akipanda juu ananitajia hesabu, naandika kwenye daftari. Jumatatu milio minane. Jumanne kumi na mitano. Jumatano ilikuwa thelathini na zaidi, Baba akaongeza nguzo za miti. Alhamisi mitatu. Ijumaa hakuna hata mmoja.

Watu walifurahi sana. Mwenyekiti Ezekieli alinitania mbele ya wote kwamba mwamba umelala, karani hana kazi tena, nirudi nikasonge ugali. Nikacheka nao huku naangalia miguu yangu. Lakini dada, kuna kijitabu cha Kiingereza nilichokikuta kwenye ofisi ya zamani ya Wazungu, nimekisoma chote kwa kamusi ya shule. Kinasema mwamba uliokuwa ukilia sana, ukanyamaza ghafla wakati watu bado wanachimba, haujapona. Ile nguvu iliyokuwa ikitoka kidogo kidogo sasa imebaki ndani, na siku itakayotoka ukuta hupasuka mara moja na mawe huruka kama risasi. Inatakiwa watu watoke, yatobolewe matundu marefu ukutani ili nguvu ipungue, kisha wangoje.

Ijumaa jioni nilimweleza Baba, kwa sauti yangu ile ya chinichini unayoijua. Hakukasirika. Alisema tu, "Dina, hicho kitabu hakijawahi kushuka kwenye shimo hili." Wageni wa wilaya wanakuja mwisho wa mwezi, akaniambia, na atakayesimamisha kazi kwa sababu ya ukimya ataitwa kupe mkutanoni, mvivu anayenyonya jasho la wenzake. Nikalala na wazo baya: labda mwamba haujanyamaza, ni masikio ya Baba yaliyoharibiwa na baruti.

Jana kijiji kizima kilikwenda shamba la ujamaa kupanda mtama. Nilisema tumbo linaniuma, nikabaki. Dada, nilishuka shimoni.

Nilishuka ngazi zote na kibatari, mpaka pale anapochimba Simeoni. Nikaweka mtaimbo sikioni. Nilitamani nisikie hata mlio mmoja ili niseme Baba ni kiziwi. Sikusikia kitu isipokuwa moyo wangu. Nguzo mpya zilizowekwa Jumatano zimepinda kama upinde, na maji ya mti yanachuruzika kwenye magome. Nikiwa nazitazama, kipande cha jiwe kikaruka chenyewe ukutani, kikanichana shavu. Hakuna mtu aliyekigusa. Nilipanda nikitambaa. Mama nimemwambia nilichomwa na mwiba.

Kesho alfajiri wanashuka wanaume kumi na wanne. Baba hutangulia, Simeoni humfuata.

Unaujua mwiko wao. Mwanamke akikanyaga mle, shimo limechafuka, na hakuna mwanamume atakayeshuka mpaka mbuzi achinjwe na siku saba zipite. Unamkumbuka Yustina, aliyempelekea mumewe uji chini? Mpaka leo kisimani wanampisha kama ana ndui, na mumewe aliondolewa kazini. Mimi nikisema, Baba atavuliwa uongozi, na sijui kama ataniruhusu kurudi shuleni. Tangu jana nimekaa na jambo hili kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nimeficha kijitabu, nimeosha matope kwenye gauni, nimejiandaa kukana. Na leo kanisani, Simeoni alipokuwa anasinzia begani kwangu, ndipo nilipoiona njia. Nikiwaambia habari za mwamba, watacheka. Nikiwaambia nimeshuka, hawatacheka, na hawatashuka. Siku saba, dada. Ndani ya siku saba huenda ule ukuta ukapasuka bila mtu mbele yake.

Lakini ulimi ni mzito. Tangu mchana nimemwandalia Baba maneno mara tatu, na mara tatu nimemwekea chai tu.

Barua hii nitampa Laurian wa basi, itakufika mambo yameshapita. Msalimie Theresia na wote mnaolala nao bwenini. Uniombee, na ukisikia watu wanasema vibaya juu yangu, usibishane nao.

Nasikia viatu vya Baba uani. Hayuko peke yake, Mwenyekiti yupo naye. Afadhali iwe hivyo. Baba angekuwa peke yake angenificha, halafu kesho angeshuka. Naiweka karatasi chini ya mkeka, nasimama kuwaamkia na kuwaambia kwamba nilishuka.

Mdogo wako akupendaye,
Dina