Siku Tulipomficha Mgeni Moshi

Jumanne, 11 Juni 1996

Umepotea wapi wewe, Walburga? Tangu Pasaka hujagusa daftari. Kule kisomo cha watu wazima ulikwenda kujifunza kuandika au kusinzia? Sawa, mahindi hayajivuni yenyewe. Lakini hata mstari mmoja? Mvivu.

Haya. Habari ni moja: Agape anakohoa. Mtoto wa miaka minne, kikohozi cha mzee mvuta kiko. Baba yake, Tadei wangu, yuko Tunduru anachimba vito, mawe ya rangi, eti siku hizi kila kitu ruksa, kila mtu atatajirika. Hajui binti yake anapumua kama filimbi. Asumpta, mkwe wangu, amempeleka hospitali. Dawa zimeisha, kikohozi kimebaki.

Leo mkutano wa mtaa wetu, Mshangano. Amekuja binti kutoka Dar es Salaam, Subira, mtafiti. Anataka kujua kama moshi wa jikoni ndio unaoharibu vifua vya watoto. Ana kisanduku kinachovuta hewa, ndani kuna karatasi nyeupe. Kitakaa siku nzima kwenye kila jiko, halafu karatasi ndiyo itasema.

Nikacheka moyoni. Moshi! Mimi nimelelewa na moshi. Bila moshi mahindi yangu ya mbegu pale juu ya kichanja yangeshaliwa na dumuzi, yule mdudu tunayemwita Skania. Na baridi hii, Agape angelala wapi kama si kwenye kibanda changu cha jiko, kando ya mafiga, mgongo wake kwenye tumbo langu? Tangu aachishwe ziwa analala hapo. Baba yake alilala hapo hapo.

Lakini nimemkubalia. Mtu akiuliza habari za mjukuu wangu simfungii mlango.

Jumatano, 12 Juni

Kisanduku kimekuja. Jiko linang'aa kama sakristia ya kanisa.

Lidwina, kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisani, alipita nyumba kwa nyumba asubuhi na mapema. Mgeni wa serikali asikute masizi, anasema, watatuandika Dar kwamba wanawake wa Mshangano wachafu. Basi Asumpta akasiliba kuta kwa udongo mweupe. Akashusha mahindi yote. Akaazima jiko la mkaa, tukapikia uani nyuma ya nyumba. Mimi mwenyewe nilizoa majivu! Agape tukamwogesha, akapelekwa kulala nyumba kubwa na mama yake, asikutwe jikoni na magamba ya jivu miguuni.

Kisanduku kimekaa peke yake kinanguruma kwenye jiko lisilo na moto. Tumeona tumemheshimu mgeni.

Alhamisi, 13 Juni

Subira amechukua kisanduku chake. Karatasi nyeupe kama ilivyoingia. Ameuliza mnapikia nini, Asumpta akajibu kama tulivyoagizwa: mkaa kidogo tu, dada. Binti akaandika.

Jambo moja. Asumpta anasema Agape hakukohoa usiku. Amelala kama gogo.

Bahati tu. Leo anarudi kwangu.

Ijumaa, 14 Juni

Si bahati.

Usiku kucha kifua kinapiga miluzi. Nimempaka mafuta, nimempa maji ya moto. Kumekucha midomo imepauka. Nikamtazama Asumpta, Asumpta akanitazama. Mkwe mwema hasemi. Lakini nimemsikia.

Jumamosi, 15 Juni

Mtoto nilimpeleka nyumba kubwa jana jioni. Amelia anataka kwa bibi. Mimi nimelala na mafiga yangu, tumbo wazi, baridi imenipata mpaka kwenye mifupa.

Hakukohoa.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya Misa, Subira alikuwa nje ya kanisa akiaga. Anaondoka Alhamisi. Amewaambia akina mama kwamba ajabu, majiko ya mtaa huu karatasi zake safi, na watoto wanaumwa hivyo hivyo. Itabidi aandike kwamba hapa tatizo si moshi. Wenzangu wakapiga vigelegele, wamefaulu mtihani!

Mimi sikupiga. Akishaandika hivyo, hakuna atakayekuja tena kuuliza. Na watoto wote wa mtaa watarudi kulala kwenye moshi, na karatasi ya Dar itasema ni sawa.

Nikamvuta Lidwina pembeni, nyuma ya mnara wa kengele. Nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Akanishika mkono.

“Mama Tadei, utatuvua nguo mbele ya mgeni.”

“Nitavua zangu. Wewe baki na zako.”

Akasema uzee unanipanda kichwani. Nikamwambia kichwani kwangu kumejaa, ujaribu miguuni. Alitaka kucheka, akakumbuka amekasirika.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kwa miguu mpaka Lizaboni, nyumba ya wageni anakolala Subira. Shikamoo bibi, karibu chai. Nikamwambia chai baadaye. Nikamweleza yote: udongo mweupe, mkaa wa kuazima, mahindi, mtoto. Sikutaja jina la mtu. Nimesema sisi.

Akaweka kalamu chini. Hakukasirika — afadhali angekasirika.

“Bibi, kwa nini hamkuniambia?”

“Ulikuja umenyoosha nguo, mjukuu wangu. Na sisi tukanyoosha za kwetu.”

Akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia kidogo. Akasema kosa ni lake pia, alitangaza siku ya kuja kama askofu. Kesho ataleta kisanduku kwangu tena. Nipike kama kawaida, tulale kama kawaida, kikae pale penye kichwa cha mtoto.

Nikamwambia mtoto harudi pale. Hata kwa siku moja. Hata kwa utafiti.

Akafikiri. Akasema hata yeye hawezi kumwomba mtoto hilo. Nani basi atalala pale, moto ukachochewa kama siku zote?

Nani mwingine. Mimi.

Jumanne, 18 Juni. Jioni

Kisanduku kinanguruma sikioni. Mahindi yamerudi juu ya kichanja. Nimetia kuni za mlingoti, mkaratusi ule, mbichi kidogo, zile zile za kila siku. Maharage yanatokota. Macho yananitoka machozi na leo ndiyo kwanza nayahesabu kuwa machozi. Karatasi imeshaanza kuwa na rangi ya panya na jua halijazama.

Lidwina amepita barabarani. Ameona moshi unatoka kwenye nyasi za paa, amesimama. Hakuingia. Hajaondoka pia — namwona kwenye upenyo wa ukuta, khanga mdomoni.

Agape yuko mlangoni. Asumpta amembeba, mtoto amemponyoka, amerudi. Anapiga mlango kwa viganja vyote viwili. Bibi, fungua, nasikia baridi. Nimeegemeza kinu mlangoni ili mkono wangu usinisaliti. Bibi. Bibi.

Usifungue, Walburga.

Ukirudi kwenye daftari hili usianze na kisanduku, wala na Lidwina. Andika kwanza mtoto kalala wapi.