Senti ya Bibi Iko Mkononi Mwangu

Poni wangu, mwanangu,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Dada mmoja wa kanisani ataipiga picha aitume kwa simu za watu, na watu waitume kwa watu, labda itafika. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Unakumbuka zile senti mbili za bibi yako, za wakati wa Mwingereza, zenye tundu katikati? Alizivaa shingoni mpaka uzi ukaoza. Wewe ukazichukua, ukaanza nazo mazingaombwe hapa mtaani kwetu Atlabara. Nikakuuliza, kwa nini vyuma vilivyokufa, si kuna pesa? Ukasema, "Mama, Juba pesa ni karatasi. Mtu akishika kitu asichokijua, macho yanakwama hapo. Mkono wangu unabaki na nafasi."

Na kweli. Watoto waliipitisha ile senti, wakachungulia tunduni, mmoja akaiuma. Wakibishana kama ni pesa au ni kifungo, wewe ulishamaliza kazi. Wengine hutoa sarafu sikioni. Wewe ulimwambia mtoto, "Vua kiatu." Na senti imo ndani! Jirani yetu Mama Keji akapiga kelele, "Hii msichana iko na kujur!" kwamba una mizimu. Ukamjibu, "Mama Keji, ningekuwa na kujur ningeanza na jenereta yako isiyowaka." Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku unaenda Khartoum, kuwafanyia watoto mazingaombwe kwenye harusi, ulinifumba vidole juu ya senti moja, ya pili ukaenda nayo. "Usifungue mpaka niseme." Tulicheka. Hata sikukuangalia vizuri ukitoka mlangoni, mwanangu. Nilikuwa naangalia ngumi yangu.

Halafu vita. Simu yako ikanyamaza. Yangu, yenye picha zako zote, ikaibiwa sokoni. Sasa nikuulizie vipi? Nina nini cha kuwaonyesha watu?

Basi mama yako amejifunza mazingaombwe. Ndiyo, mimi, na vidole hivi vilivyoungua kwa kupika mikate ya kisra. Naenda pale wanaposhushwa watu waliokimbia, naonyesha senti, naificha vibaya, inaanguka, naiokota, nauliza, "Mmeona msichana anayefanya hivi?" Wanasema, "Malesh, mama," pole. Wengine wanadhani nimerukwa na akili. Wacha wadhani.

Juzi kulikuwa na mtoto mdogo wa kike, amesimama kando ya mama yake na mizigo. Nikaficha senti. Sikuwa nimesema neno. Yule mtoto akakaa chini, akavua kiatu, akachungulia ndani.

Poni! Nikashika nguo ya mama yake, "Nani alimfundisha?" Akasema ni khalti mmoja, mama mdogo wa njiani tu, mahali walipolala, alikuwa anawachekesha watoto. Wao wakapata gari, yeye akabaki.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa amekonda, mama. Sote tulikonda."

Jina hakujua. Lini? Kabla ya mvua. Na mvua imeshakwisha, mwanangu.

Mungu nimemwomba mpaka sina maneno mapya, narudia yale yale. Kama ni wewe, mpe mtu yeyote neno aniletee. Kama ile senti imepotea, si kitu. Kama kuna jambo limekupata unaona aibu kuja nalo nyumbani, njoo nalo. Sitauliza. Nitakuwekea maji ya kuoga, nitanyamaza.

Kila nikitoka kule naufumba mkono tena, kama ulivyonifumba. Nalala nao hivyo hivyo. Vidole vinauma, senti imeacha duara kwenye ngozi. Si ulisema nisifungue mpaka useme?

Sema basi. Hata kwa sauti ndogo, nitasikia.

Mama yako, aliyefumba mkono