Aliyetutangulia Ukunguni

Kwako mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Sisi huku hatujambo, ila mgongo wangu bado unanung'unika kama mlango usiotiwa mafuta. Natumaini homa imekuacha kabisa na unakula vizuri. Hamu yangu ni kukuona, lakini njia ni ndefu, basi acha karatasi itangulie.

Sijui kama nilikwambia nimejiunga na kikundi cha matembezi. Daktari alisema cherehani itaniua nisipoinuka kitini. Basi kila Jumamosi tunapita mashambani nyuma ya kiwanda cha matofali, tunashuka ufukweni, kisha tunarudi kunywa chai. Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu wa michezo. Tunamwita Kamanda kwa sababu ya filimbi yake. Njia ni zile zile ulizozijua utotoni kuliko mbuzi wenyewe, ila sasa tunatajiwa majina ya ndege, nami najifanya sijawahi kuwaona. Kusema kweli nafurahi sana. Nimezeeka kando ya uzuri wote ule bila kuutazama.

Sasa nikueleze la Jumamosi ile uliyokuwa kitandani, mimi nikiwa sina habari.

Tulikuwa chini ya majabali, maji yamekupwa mbali, Kamanda akituonyesha kaa, mara ukungu ukatufunika hata nisione viatu vyangu. Filimbi ikawa inasikika huku, mara kule, mpaka Kamanda mwenyewe akakiri kwamba hajui nchi kavu iko upande gani. Mwenzetu mmoja, mwuza dawa anayependa utani, akasema leo kaa watatulipizia kisasi, kisha akatazama miguuni. Maji yalikuwa yanarudi, yameanza kutulamba vifundo vya miguu.

Hapo sauti ya mwanamume ikatuita kutoka mbele. Ilisema tushikane mikono, tushike kushoto, tuuache mchanga mweusi. Haikupazwa, ilisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumbani kwake. Tukaifuata. Tulipositasita ilituita tena, kwa umbali ule ule. Mara moja moja niliona mgongo wa shati jeupe, bega la kushoto limeshuka kidogo. Sisi tulikuwa tunapiga maji kama bata, lakini hatua zake hazikusikika.

Tulipofika kwenye ngazi za mawe wenzangu walipanda mbio. Kamanda akamshukuru kwa sauti, akidhani ni mkulima wa huko juu. Wote wanaamini hivyo mpaka leo, na mwuza dawa bado anaulizia shamba lake ampelekee keki.

Mimi sikupanda. Kitinda, sauti ile niliijua tangu neno la kwanza. Ilikuwa yako. Nilikuona umesimama peku, umevaa shati la kulalia, unanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Maji yalikufika magotini lakini hayakutikisika. Nywele zilinisimama. Ukaniuliza, "Dada, nani ananiita kule?" Ukaanza kugeukia baharini, bila wasiwasi, kama mtu aliyemaliza kazi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Hofu iligeuka hasira, nikakufokea kama enzi zile ulipokuwa unakataa kuoga. "Hakuna anayekuita! Rudi nyumbani sasa hivi, mkeo anakusubiri!" Ukasimama. Ukanuna, Mungu ni shahidi, ukanuna vile vile kama zamani. Kisha ukapita kando yangu, na baridi uliyoniachia sijapata kuisikia mahali pengine. Ukungu ukakumeza upande wa nchi kavu.

Nilimpigia wifi kabla sijavua nguo zilizolowa. Alikuwa analia. Alisema alasiri hiyo ulikuwa unaweweseka: shikeni kushoto, uacheni mchanga mweusi. Kisha ukanyamaza, pumzi zikawa za kutafutwa, muuguzi akamtaka awaite watoto. Ghafla ukafumbua macho, ukaomba maji, ukalalamika kwamba umefokewa bure. Alipokufunua akubadilishie shuka, alikuta nyayo zako zina mchanga mweusi, nao ulikuwa mbichi. Aliupangusa, akaniomba nisikwambie kamwe.

Nilimkubalia. Lakini juzi kaniambia kwamba kila jioni unasimama dirishani na kumuuliza nani alikuwa anakuita. Maskini, hana la kujibu. Mimi ninalo, na halisemeki kwenye simu.

Nilikudanganya, mdogo wangu. Aliyekuita alikuwepo. Nilimsikia vizuri kama ninavyosikia saa ya ukutani hapa ninapoandika. Alikuwa mama. Alikuwa anakubembeleza uje, kwa sauti ile aliyokuwa akikuitia chakula, wala jina langu hakulitaja. Na mimi, binti yake, nikakuzuia usiende kwake. Siku yangu ikifika nitamjibu mwenyewe. Wewe usimwitikie. Una watoto wa kulea.

Nisalimie wifi, umwambie anisamehe kwa kutoboa siri. Wabusu watoto. Ukipata nguvu njoo, tutembee wote mashambani. Ufukweni nitakwenda na wengine.

Ni mimi dada yako,
akupendaye hata anapokufokea.