Mguu Kwenye Kikanyagio

Moa, 6 Februari 2023

Kwa mdogo wangu Zubeiri,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima huko Mwera, na kile kikohozi kimekuachia. Mimi nipo, ila nikisema ni mzima nitakuwa nakudanganya.

Simu usinipigie, Tahiri ameipasua kwa nyundo. Ijumaa alisema mchuzi una chumvi. Akanikamata mkono, akaubana kwenye mlango, akaufunga mlango kwa goti lake. Vidole viwili vimevunjika. Barua hii naandika kwa mkono wa kushoto, nivumilie. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Akasema, "Mwanangu, majirani wanasikia." Akaendelea kuchambua.

Zubeiri, huyu mume ataniua. Nikitoka kwa miguu, nduguze wa bodaboda wamejaa barabara nzima. Zuwena muuza samaki ndiye anayekuletea barua hii. Mjibu kupitia yeye.

Dada yako,
Semeni


Mwera, 9 Februari 2023

Dada Semeni, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Barua yako nimeisoma nikiwa chini ya ndege, nikaitupa spana. Nilitaka nije huko na panga. Kapteni Wilfred, rubani ninayemfanyia kazi, akanizuia. Akasema, "Ukienda kumuua, dada yako atabaki na nani?"

Sikiliza. Jumamosi Kapteni anaruka kwenda Pemba kuchukua wageni, anakwenda viti vitupu. Shangazi Sabiha atakupokea. Bandarini Tanga usiende, yupo binamu yake Tahiri. Panda gari la samaki na Zuwena mpaka Pangani, nitakupokea huko nikulete kwenye kiwanja cha ndege hapa Mwera.

Ndege yenyewe kuukuu, imetengenezwa baba hajaoa, lakini injini naijua. Usiogope kupanda. Nyuma ya bawa kuna chuma kidogo kinaning'inia chini ya tumbo la ndege, ndicho kikanyagio. Nilikichomelea upya mwaka jana. Weka mguu hapo, shika mpini ulio ubavuni, jivute. Ukifika juu ya bawa, kanyaga ule ukanda mweusi tu, kwingine bati ni jepesi. Mlango uko upande huohuo. Usivae baibui refu, litakunasa.

Mdogo wako,
Zubeiri


Rumande, Tanga, 20 Februari 2023

Dada yangu, shikamoo.

Vipi bega? Nimeambiwa wamelishona na umeanza kula. Alhamdulillahi. Mimi huku mbu na chawa, lakini napumua.

Askari watakuja kukuuliza, kwa hiyo soma vizuri. Tahiri alilifuata gari la samaki mpaka Pangani, akampiga Zuwena mpaka taya likavunjika, ndipo akasema ulikokwenda. Alitokea kwenye minazi na pikipiki ndege ikiwa imeshaanza kutembea, wewe uko ndani, mlango haujafungwa. Akaibwaga pikipiki, akadaka mpini, akakanyaga kikanyagio, akakukata panga la bega. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma na spana. Nilimwona akidondoka chali, na mkia wa ndege ukampiga kichwa. Kapteni akazima injini. Kichwa cha Tahiri kilikuwa hakitazamiki.

Watu wa mashambani walinikuta nimesimama juu yake na spana mkononi. Nikasema nimempiga mimi, ndiyo akaanguka. Nimeandika maelezo hivyo, nimetia dole gumba.

Wewe sema ulizimia panga la kwanza, hukuona kitu. Nduguze wakijua ni teke lako watakufuata mpaka kaburini. Mimi sina mke wala mtoto. Niachie hili.

Mdogo wako,
Zubeiri


Tanga, 3 Machi 2023

Mdogo wangu Zubeiri,

Assalaam aleikum. Bega linatoa usaha kidogo, vidole vimeunga vibaya. Zuwena anakunywa uji kwa mrija, anakusalimu. Shangazi Sabiha amevuka kutoka Pemba, ndiye aliyekuwa ananiogesha wodini.

Sikuzimia panga la kwanza. Nilidhani Tahiri amenipiga ngumi, mpaka nilipoona damu imejaa mapajani. Alikuwa mguu mmoja kikanyagioni, mwingine juu ya bawa, uso wake karibu na wangu kama siku tulipofungishwa ndoa. Akasema, "Shuka, tumalizie nyumbani." Hakupiga kelele. Akainua panga mara ya pili, na mimi nikajilaza kitini, nikamtia miguu yote miwili kifuani. Sikuteleza wala sikujikwaa. Nilitaka aanguke, akaanguka.

Juzi nduguze wawili walikuja wodini na machungwa, nesi akawaruhusu. Mmoja akakaa kitandani, akaniwekea mkono juu ya bega, akabonyeza mpaka mshono ukafumuka. Akaniambia kwa upole, "Shemeji, pole. Zubeiri huko ndani tuna watu wetu. Mahakamani hatafika." Nilipiga yowe wodi nzima ikaamka. Shangazi akamvunjia mmoja chupa ya maji ya moto usoni. Wakakimbia.

Basi jana nimekwenda polisi na bandeji yangu, Shangazi kanishika mkono. Nimewaeleza yote, na vitisho vya hao wawili nimevieleza. Yule askari akauliza, "Mama, unajua unachosema? Kaka yako ameshakiri." Nikamwambia, "Mdogo wangu alikuwa bado anakimbia." Kapteni Wilfred naye amekuja mwenyewe. Amesema aligeuka, akaona panga likipanda mara ya pili, akaona miguu yangu. Wakili wa akina mama anasema mtu aliyekatwa panga ana haki ya kujikinga, lakini kauli ya mwisho ni ya mahakama.

Wamenizuia hukohuko. Nimeamka leo mahabusu, upande wa wanawake, nimelala vizuri kuliko nilivyolala Moa tangu niolewe. Usinionee huruma kwa hilo.

Wale wawili wamekamatwa, lakini wana marafiki. Wewe watakuita kesho au keshokutwa, watakusomea maelezo yangu. Najua ulivyo, utataka kubishana nao ubaki wewe. Usinifanyie hivyo, Zubeiri. Yule mwanamume nilimwangusha mimi, na nataka mahakama isikie kwa mdomo wangu alichonifanyia mpaka nikamwangusha. Ukinifunika wewe, atabaki maiti aliyepigwa spana na shemeji yake, na mimi nitabaki mke wake.

Wakikuambia toka, toka.

Dada yako,
Semeni