Kidole Pembeni mwa Picha

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na mbili ndani ya darasa hili, shule imegeuzwa kambi ya wakimbizi. Familia saba na mimi — familia ya mtu mmoja. Leo nimepanga foleni ya waliopotelewa na ndugu. Karani, dada mpole, kaomba picha ya mke wangu. Sina. Kazi yangu? Mpiga picha. Miaka kumi na tisa! Karani akainamia fomu haraka. Mimi ningecheka.

Jumanne, 4 Machi

Karani tena. Mkeo alivaa nini? Gauni. Rangi gani? Sikuiangalia. Na kola ya mteja ikipinda kidogo tu, naiona!

Pale njia panda, risasi zilipoanza, mke wangu alisema nimshike mkono. Nikamjibu mikono imejaa. Kweli ilijaa — nilikumbatia begi la kamera. Nilipogeuka, watu tele, yeye hayupo. Kamera nzima, haina hata mkwaruzo. Hongera zangu.

Alhamisi, 6 Machi

Begini nimekuta bahasha ya picha za paspoti ambazo wateja hawakuzifuata. Darasa zima likanizunguka. Bibi anayelala chini ya ubao kamkuta mwanawe, picha nne zinazofanana. Kazibusu zote nne. Sasa naitwa Bwana Usicheke, maana ndivyo nilivyowaamrisha wateja. Nimekuwa maarufu! Mtu maarufu akaenda kujifungia chooni, akalia.

Jumamosi, 8 Machi

Chini ya bahasha kuna picha moja sijaipunguza kingo. Fundi viatu, kanuna. Nyuma yake shuka jeupe. Na pembeni, kidole gumba kimeshika shuka. Cha mke wangu! Ukuta wa studio ulikuwa mbovu, kwa hiyo alisimama nyuma akishika shuka, kila mteja, kila siku. Nami nikimfokea, ondoa kidole! Kisha nakikata kwa mkasi. Kucha imepasuka katikati. Nilimbana na mlango, siku niliyoubamiza kwa hasira. Hata pole sikumpa vizuri.

Nimekitazama mpaka macho yakauma. Namtaka mke wangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempelekea karani picha hiyo. Kauliza mke yuko wapi hapo. Nikamwonyesha kidole. Nilidhani atanifukuza. Hapana — kaandika "kucha ya gumba la kulia imepasuka", kaibandika kwenye ubao wa waliopotea. Keshokutwa linakuja lori kutoka kambi ya pili. Hakuna uhakika, kasema mara mbili.

Mchana fundi viatu kanijia juu. Kumbe yumo humu humu, darasa la tatu! Hajapotea, kasema, na watu wameanza kumpa pole. Nikamweleza kwamba anayetafutwa ni kidole.  Akasema mke wangu alimkaribisha kiti siku ile, mimi sikumkaribisha.

Jumatano, 12 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika nimesimama getini. Lori limeingia. Turubai limeshushwa pande zote, ndani kuna watu wameling'ang'ania lisipeperuke. Nje vinaonekana vidole tu. Watu wanaita majina. Mimi nakagua kucha, kama mwalimu wa usafi!

Vidole vingi, vina vumbi. Nyuma kabisa, gumba moja... Nimeshadanganyika mara mbili tangu lori liingie, macho yangu haya hayaaminiki. Karani ananipungia nisogee. Dereva anafungua kamba.

Begi nimempa fundi viatu. Kalamu nayo naiweka, nahitaji mikono yote miwili.